Kwa nini wanasaka dawa kwenye mwani wa ziwani

Umeuliza kwa nini watafiti wahangaike na mwani, ule utelezi wa kijani wa mawe ya ziwani, wakati bakteria wa udongo wametupa streptomaisini, dawa ya kuua bakteria, tangu 1943. Udongo umeshapekuliwa mno. Mara nyingi kinachopatikana ni kilekile cha zamani. Mwani nao hutoa sukari, basi bakteria hujazana juu yake wakigombania nafasi kama abiria wa daladala, na baadhi huua majirani kwa kemikali. Hizo ndizo zinazosakwa. Unakwangua mwani, unaotesha bakteria (wengi hugoma kuota maabara), unawaweka sahani moja na Staphylococcus aureus (bakteria anayeleta majipu), unatazama kama kuna duara lisiloota kitu, dalili kwamba kemikali yao imemzuia. Kazi ngumu ni baadaye: je, kemikali hiyo ni mpya, na haiui seli zetu pia? Nyingi hufeli hapo.