Jua la satelaiti na jua la paani: majibu kwa wasomaji wa Goma

Mwalimu, kwenye takwimu za satelaiti jua la Goma linafika kileleni saa nne asubuhi. Inawezekana? (Himbi)

Haiwezekani. Saa hizo ni za UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko saa mbili mbele. Swali hili linarudi kila mwezi. Jamani, pangeni saa kabla ya kulinganisha chochote!

Kuanzia Juni kipimo chetu cha jua cha paani kilikuwa chini ya satelaiti, na pengo likazidi kila wiki. Mvua za Septemba zilipoanza, likatoweka. Tuamini kipi? (Katindo)

Mvua imekuoshea kioo cha kipimo. Meteosat, satelaiti ya hali ya hewa iliyo kilomita 36,000 juu ya Ikweta, huona mng'ao wa mawingu kila dakika 10 hadi 15, kisha mwanga unaofika chini hukadiriwa kwa hesabu. Piranomita, yaani kipimo chako cha paani, hupima mwanga wenyewe, mradi kioo kiwe safi. Nanyi mnajua vumbi letu jeusi la volkeno linavyotimka pikipiki zikipita. Nimewahi kupangusa kioo alfajiri kwa kitambaa cheupe, kikatoka na duara la kijivu kama jivu la makaa.

Lakini usilaumu vumbi tu. Moshi wa mashamba yanayochomwa kiangazi hupunguza jua, na baadhi ya makadirio ya satelaiti huuhesabu kwa wastani wa miaka, si moshi wa siku ile. Siku isiyo na wingu, soma namba, pangusa, soma tena. Ikiruka palepale, ni uchafu. Na kila usafishaji uandikwe daftarini, tarehe na saa. Watu wananiletea takwimu za mwaka mzima bila daftari, wakitaka niseme satelaiti imekosea. Siwezi.

Kipimo kiliruka hadi wati 1,200 kwa mita ya mraba, satelaiti ikasema 800. Kimeharibika? (Keshero)

Hapana. Jua likipenya kati ya mawingu, kingo nyeupe za mawingu hayo hukurushia mwanga wa ziada kwa muda mfupi. Satelaiti inatoa wastani wa eneo la kilomita kadhaa. Linganisha wastani wa saa, halafu wa mwezi.

Kila siku saa tatu na nusu namba inashuka, saa nne inapanda. Ni wingu? (Majengo)

Wingu halifuati saa. Ni kivuli: tafuta tanki la maji au antena upande wa mashariki.

Muuzaji wa paneli anasema namba ya NASA inatosha. Ni kweli? (Ndosho)

Kwa taa za nyumbani, ndiyo. Kwa friji ya chanjo, hapana. Namba ya jua ya NASA POWER, hifadhi ya takwimu ambamo namba hizo hutoka, ni moja kwa mraba wenye upande wa kilomita 110 hivi: ndani yake mna Goma, Rutshuru, Nyiragongo na sehemu ya ziwa. Mchana mawingu hukalia milima huku ziwa likiwa wazi, wewe uko katikati. Pima paani kwako angalau mwaka mmoja, na muuzaji akupangie betri kwa mwezi wenye jua dogo kuliko yote. Akitumia wastani wa mwaka, usilipe.