Ukienda kutazama magobore ya kale Marekani, uliza nani alipika baruti

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Iowa aliniandikia. Alikuwa amewapeleka wageni wake kwenye makumbusho ya zama za walowezi, wale Wazungu waliokuwa wakisogea magharibi na bunduki begani, na wageni wakamshinda kwa uvumilivu. "Dada, bunduki ya kwanza niliipenda. Ya kumi nilikuwa natafuta kiti. Zote ni mti na chuma. Wewe huwa unaona nini pale?"

Nimeamua kumjibu hapa, maana najua hayuko peke yake. Nani kati yetu hataki kusimama mbele ya bunduki ya mwaka 1770 na kuielewa?

Nimekulia Urambo, mkoa wa Tabora. Baba yangu mkubwa alikuwa na gobore la kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori. Mtutu wake ulikuwa bomba la chuma, kitako mninga, na mhunzi wa kijiji cha pili ndiye aliyeliunda. Alilining'iniza darini, limeviringishwa kwenye gunia. Jioni ya kulitumia sisi watoto tulifukuzwa hadi jikoni, tukachungulia mlangoni. Anamimina baruti mdomoni mwa mtutu, anatia kitambaa, anashindilia kwa mdeki, ile fimbo ndefu ya kushindilia, anatia vipande vya nondo, anashindilia tena. Mama mkubwa huku analalamika kwamba nguruwe watakuwa wameshamaliza shamba.

Kwa hiyo nilipohamia Louisville, Kentucky, nikaingia makumbusho kwa mara ya kwanza nikakuta ile bunduki ndefu wanayoiita ya Kentucky, sikuhitaji kuelezwa mdeki ni kitu gani. Wenzangu kwenye msafara walikuwa wanauliza fimbo ile chini ya mtutu ni ya nini. Watu waliozaliwa na kukulia hapa! Naomba mniruhusu kujivuna kidogo.

Sasa, huyu mdogo wangu wa Iowa. Ushauri wa kwanza: kila unachokiona, uliza kwa nini kiko hivyo. Bunduki ya Kentucky nyingi hazikutengenezwa Kentucky kabisa. Zilitoka Pennsylvania, hasa maeneo ya Lancaster, kwa mikono ya wahunzi wenye asili ya Ujerumani na Uswisi. Kwao walizoea bunduki ya kuwindia fupi na nene, inayomeza risasi kubwa. Huku wakakuta mteja anayekaa porini miezi mingi, anabeba risasi na baruti yake yote mgongoni, na duka liko mbali mno. Basi tundu likapunguzwa hadi milimita 11 au 13 hivi, ili kipande kimoja cha madini ya risasi kitoe risasi nyingi zaidi, na mtutu ukarefushwa ukapita mita moja. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojikunja inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Kile kisanduku cha shaba kwenye kitako, ambacho watu hukipiga picha wakidhani ni urembo, ndimo mwindaji alimohifadhi vitambaa vya kupaka mafuta na kufungia risasi.

Na ilikuwa na udhaifu wake. Askari mwenye bunduki ya tundu laini, isiyo na mifereji, aliweza kupiga mara tatu kwa dakika. Huyu wa mifereji alihitaji nusu dakika au zaidi kwa risasi moja, na muda wote huo yuko wazi. Ukishajua hilo, bunduki ya kumi haikuchoshi tena, kwa sababu unatazama tundu lake kwanza.

Baadaye walowezi walipofika kwenye nyanda za nyati wa Amerika na dubu wakubwa, ule wembamba haukutosha. Ndugu wawili wa St. Louis, Jacob na Samuel Hawken, wakatengeneza fupi na nzito, ya kuwashwa kwa fataki, kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa, badala ya cheche za jiwe la gumegume, ya kubebwa juu ya farasi. Ukikuta Hawken kabatini simama.

Ushauri wa pili: usiogope kuuliza. Hapa nina jambo moyoni. Kwenye makumbusho moja, katika jimbo ambalo sitalitaja, mhudumu alitufuata mimi na binti yangu kutoka chumba hadi chumba, mwishowe akatuambia vyoo viko upande ule. Hatukuwa tumeuliza vyoo. Tulikuwa tunatazama pembe ya kubebea baruti iliyochorwa ramani. Miaka imepita na bado nikiendesha gari karibu na mji ule nabonyeza mafuta. Na wa kwetu nao! Nilipoweka picha kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa hapa, mtu aliyekula kwangu Idi na Krismasi aliandika, "Mnyamwezi kageuka mwanamgambo wa Trump." Watu wakacheka wiki nzima. Sawa. Mimi sina bunduki nyumbani na sitaki kuwa nayo. Nataka kujua tu, na kujua si mali ya mtu mmoja.

Maana hebu tuulizane: baruti ya wale mashujaa ilitoka wapi? Nenda Fort Boonesborough, kama mwendo wa saa moja na nusu kutoka Louisville. Ni ngome iliyojengwa upya kuiga ile ya Daniel Boone, aliyefungua njia ya kuingia Kentucky kupitia Cumberland Gap, pengo la milimani, mwaka 1775. Watakusimulia Boone mpaka uchoke. Wewe uliza habari za Monk Estill. Alikuwa mtumwa, mtu mweusi, na alitengeneza baruti hapo Boonesborough kwa shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, iliyochimbwa pangoni. Mwaka 1782 alitekwa na wapiganaji wa Wyandot, kabila la Wahindi Wekundu, akaponyoka katikati ya mapigano, akambeba mgongoni Mzungu aliyejeruhiwa mwendo wa kilomita zipatazo 40. Akaachwa huru, na anatajwa kuwa mtumwa wa kwanza kupata uhuru Kentucky. Bila watu kama yeye, bunduki ya Boone ni fimbo.

Hapa mjini kwetu, kando ya mto Ohio, kuna sanamu ya York, mtumwa wa William Clark. Alikwenda na msafara wa Lewis na huyo Clark, uliotumwa na serikali ya Marekani kuchunguza magharibi, hadi bahari ya Pasifiki na kurudi, 1804 hadi 1806. Alibeba bunduki na kuwinda nyati kama wenzake. Waliporudi, akaomba uhuru wake. Clark akakataa. Wapelekeni watoto pale, hakuna kiingilio.

Kama una uwezo wa safari ndefu, fika Museum of the Fur Trade, nje kidogo ya Chadron, Nebraska. Pamejitenga kweli, jaza mafuta mapema. Pale utaona bunduki za biashara, za tundu laini, zilizotengenezwa Uingereza ili kubadilishana na Wahindi Wekundu kwa ngozi. Zina kinga kubwa ya kifyatulio, na ubavuni kuna bamba la shaba lenye umbo la nyoka. Wanunuzi walilizoea bamba lile kiasi cha kuitilia shaka bunduki isiyo nalo.

Ziara ile ndiyo iliyonipa ushindi wangu mkubwa. Kuna hekaya ya kwamba Mhindi Mwekundu alitakiwa kurundika ngozi za biva, mnyama wa mitoni mwenye manyoya mazito, hadi zifike urefu wa bunduki, na kwamba ndiyo maana mitutu ilikuwa mirefu. Mzee mmoja anayejitolea kuongoza wageni kwenye makumbusho ya mji mwingine aliirudia mbele yangu. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia vitabu vya Hudson's Bay Company, kampuni ya Kiingereza ya biashara ya ngozi, vya karne ya 18 vinaonyesha bunduki ikiuzwa kwa ngozi kama 10 au 12, na rundo la ngozi 12 zilizokaushwa halifiki hata gotini. Kimya. Kisha akacheka, akaniuliza nimejifunza wapi, tukaongea hadi wakafunga mlango. Alipojua natoka Tabora alitaka kusikia habari za gobore kuliko mimi nilivyotaka kusikia zake.

Nilimweleza kwamba biashara ile ilitufikia na sisi. Mkataba wa 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani unazitaja bunduki, baruti na risasi kwa majina: kisiwani Unguja ziuzwe kwa serikali ya Sultani pekee, bandari zake nyingine ruksa. Kutoka pwani silaha zilipanda na misafara hadi Unyanyembe, kule Tabora, na mtemi Mirambo, ambaye mji wetu wa Urambo unabeba jina lake, aliwapa rugaruga, wapiganaji wake, bunduki za namna hiyo hiyo, za kushindilia mdomoni. Ndugu zangu, tunalalamika kila siku kwamba historia yetu imefichwa. Imefichwa wapi, na wewe hujaingia mlangoni? Jumamosi nzima mpira, Jumapili nzima harusi za video. Ingieni! Ulizeni! Ukiona kibao kinamtaja mwenye bunduki, uliza aliyeiunda. Kikimtaja aliyeiunda, uliza aliyechimba shura. Ulizeni mpaka wawachoke.

Pa kuanzia ni Mammoth Cave, saa moja na nusu kusini mwa Louisville. Kata tiketi mapema mtandaoni, uchague ziara inayopita ukumbi wa Rotunda, na ubebe koti, kwa sababu ndani ni nyuzi 12 mwaka mzima. Utaona matangi ya mbao na mabomba ya magogo yaliyotobolewa, ya tangu vita ya 1812 kati ya Marekani na Uingereza, udongo ulipochujwa kwa maji kupata shura ya kupelekwa kwenye viwanda vya baruti. Waliochimba na kubeba udongo ule walikuwa watumwa. Mlinzi wa hifadhi akiishia kwenye mabomba, mwulize.