Mbeleko ya mtoto ambaye hajakaza shingo

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na kilo 2.6. Siku ya kumi na tisa, mikono imekufa ganzi kwa kumpakata tangu alfajiri, nikafungua boksi la zawadi niliyoletewa na wenzangu wa kazini: mbeleko ya kisasa, ya vifungo vya plastiki, mikanda minene ya mabegani na mmoja mpana wa kiunoni. Nikamtia ndani, nikafunga. Akazama. Kitambaa cha mbele kilimpita masikio, miguu ikawa inaning'inia. Lakini alinyamaza papo hapo, na kwa uchovu niliokuwa nao nikaona basi, dawa imepatikana. Nikaanza kukunja nepi.

Haukupita muda nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Nikavuta kitambaa kwa kidole. Mgongo ulikuwa umejikunja, kidevu kimegota kifuani, midomo imeanza kupauka. Nilimtoa kwa pupa hata kifungo kikanichubua kidole, nikamweka begani, akavuta pumzi ndefu, akalia. Nikalia naye.

Hakudhurika, namshukuru Mungu. Sasa yuko darasa la tatu. Nimezaa wengine wawili baada yake, na wote nimewabeba kifuani tangu wiki ya kwanza, tena kwa saa nyingi. Kwa hiyo siandiki haya ili mtu aogope kumbeba mwanawe. Naandika kwa sababu kila mara kuna mdogo wangu au shoga yangu anayekaribia kujifungua ananiuliza, "Dada, ninunue mbeleko gani?" na naona swali limeanzia dukani. Lianzie shingoni. Mtoto akizaliwa shingo yake haijabeba kichwa, na itachukua miezi mitatu au minne kukaza. Muda wote huo mbeleko ndiyo inayofanya kazi ya shingo. Inayoshindwa kazi hiyo haifai, hata iwe ya bei gani.

Aliyenifungua macho ni nesi wa kliniki nilipompelekea kisa changu. Alichukua kipande cha mpira wa dripu, akaukunja kidogo mbele yangu. "Koo la kichanga ni jembamba hivi, tena laini," akaniambia. "Kichwa kizito, shingo haina nguvu. Kidevu kikilala kifuani, njia inajikunja, hewa haipiti. Na hawezi kukuita, mama, maana hata kilio kinataka hewa." Ile sentensi ya mwisho sijaisahau. Nilidhani mtoto aliyenyamaza ndani ya mbeleko ni mtoto aliyeridhika.

Mwezi Machi 2010, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa onyo kuhusu mbeleko za kisasa za kitambaa kinachotundikwa begani, baada ya kuhesabu vifo 14 vilivyohusishwa nazo katika muda wa miaka 20. Watoto 12 kati ya hao walikuwa hawajatimiza miezi minne. Aina mbaya kuliko zote ni ile ya mfuko: mtoto analazwa ndani kama kwenye machela, mfuko unaning'inia kiunoni kwa mama, kitambaa kinamfunika uso. Nimewahi kuiona kwenye mitumba, imechanganywa na nguo za watoto, kwa bei ya kutupa. Usiinunue, na ukipewa bure usiitumie. Mtoto njiti, au aliyezaliwa na uzito mdogo, au mwenye mafua, ndiye aliye hatarini zaidi.

Basi ukiniuliza mimi, nunua kitenge. Pisi nzima ya yadi 6, isiyokatwa, ya pamba. Hizo ni kama mita tano na nusu, zinamzunguka mama mnene na mwembamba zikabaki za kufungia fundo. Ukiwa dukani kisugue kwa vidole: cha pamba kinakwaruza kidogo, cha poliesta kinang'aa na kuteleza. Mimi hufunga fundo palepale mbele ya muuzaji, nikalivuta na kulitikisa. Likijilegeza, narudisha kitambaa. Ukifika nyumbani kifue mara mbili tatu kabla ya mtoto kuja, wanga utoke na rangi ichuje, kwa sababu atakinyonya. Kanga naipenda, lakini moja ina urefu wa kama mita moja na nusu tu. Inatosha mgongoni kwa mtoto aliyekwisha kukaza shingo, haitoshi kumzunguka kichanga kifuani.

Kukifunga ni hivi. Kikunje kwa urefu wake wote, upana ubaki nusu. Tafuta katikati, iweke kifuani. Ncha mbili zipite chini ya makwapa, zipishane mgongoni, zipande juu ya mabega mpaka mbele. Sasa una ukanda uliolala kifuani na ncha mbili zinazoning'inia. Mnyanyue mtoto begani, kisha mteremshe ndani ya ukanda akiwa wima, tumbo lake kwenye kifua chako. Mkono mmoja usimwachie hata mara moja. Kwa mkono wa pili kaza, kidogo kidogo, upindo mmoja baada ya mwingine, kama unavyokaza kamba za kiatu kuanzia chini. Kisha ncha zipishane chini ya makalio yake, zipite chini ya mapaja, zikafungwe fundo mbili mgongoni kwako. Kitambaa kimshike kutoka nyuma ya goti moja mpaka nyuma ya jingine, na juu kifike shingoni, kiishie chini ya masikio. Magoti yawe juu kuliko makalio, amekaa kama chura. Usiyatanue kwa nguvu. Kichanga mwenyewe hukunja miguu hivyo. Miguu inayoning'inia imenyooka si mizuri kwa nyonga, maana kikombe cha nyonga bado ni gegedu laini na kinajiunda.

Nilipokuwa na mimba ya pili nilijifunza kwa mfuko wa sembe wa kilo mbili niliouviringisha kwenye taulo. Nilikaa kitandani, nikaufunga na kuufungua mpaka mikono ikajua njia bila macho. Siku ya kwanza uliteleza ukaangukia godoro. Nashukuru ulikuwa sembe.

Ukimaliza kufunga, usiondoke pale ulipo kabla ya kumkagua. Pitisha vidole viwili kati ya kidevu na kifua. Visipopita, hajakaa sawa. Inamisha kichwa chako: unatakiwa umbusu utosini bila kujinyoosha. Unamwona uso? Pua na mdomo viko wazi, shavu tu ndilo limelala kifuani kwako? Halafu mkandamize mgongoni kwa kiganja. Akisogea kuelekea kwako, au mgongo ukijinyoosha, umefunga kwa kulegeza, na baada ya nusu saa atakuwa ameshuka. Mimi nilikuwa nakagua kila nilipomaliza kazi moja kabla ya kushika nyingine: nimeosha vikombe, natazama, nimefagia, natazama. Akinyonyea ndani ya mbeleko, mama asiondoe macho, na akishashiba apandishwe tena awe wima.

Zile za vifungo sizikatai. Mume wangu alizipenda kwa sababu hazitaki kujifunza kufunga, na baba anayembeba mtoto anastahili kurahisishiwa. Soma tu lebo. Nyingi zinaanzia kilo 3 na ushei, na yangu ilikuwa hivyo. Mimi nikamtia mtoto ambaye hata hiyo hakuifikia. Nyingine zinakuja na kimto cha ndani cha kumpandisha kichanga, na kwenye mitumba kimto hicho huwa kimeshapotea. Bila kimto, iache mpaka akue. Ukinunua ya mitumba, vuta kila mshono kwa nguvu, funga na kufungua kila kifungo mara kumi. Na kumgeuza mtoto atazame mbele si jambo la miezi hii.

Sasa, mgongo. Hapa ndipo nilipogombana na shangazi yangu, kwa heshima zote. Mtoto wa pili alikuwa na wiki tatu, shangazi akachukua kanga akainama ambeleke. Nikamwambia, "Shangazi, samahani, shingo yake bado." Akaniuliza, "Kwani wewe ulibebwa wapi? Si mgongoni?" Sikuwa na jibu la haraka. Jibu nililipata kwa bibi, Pangani. Nilimpigia simu, nikamwamkia, nikamweleza. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mjukuu wangu, nyinyi siku ya tatu mko jikoni. Sisi mtoto wa arobaini hakubelekwa. Alikuwa mikononi."

Nimefikiria sana maneno hayo. Bibi alipojifungua alikuwa ndani siku arobaini. Mama yake alimkanda, dada zake walipika, mtoto alipita mikono mitano kabla hajarudishwa kunyonya. Mbeleko ilisubiri kwa sababu watu walikuwepo. Mimi nilijifungua nikarudi kwenye vyumba viwili vya kupanga Dar es Salaam, mume yuko kazini kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, mama yangu amepata ruhusa ya wiki moja tu. Mikono ile mitano sikuwa nayo, na mtoto alikuwa yuleyule, shingo ileile. Wanaosema kumbeba mtoto kifuani ni mambo ya kizungu wangeitazama hesabu hiyo. Kitenge kifuani kinashika nafasi ya watu ambao hawapo.

Tena kifua si kigeni hospitalini kwetu. Njia ya kangaruu, ya kumlaza mtoto njiti ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na wodi zetu zimekuwa zikiitumia kwa miaka mingi. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, kupitia hospitali ya Muhimbili. Watoto wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8 walioanzishiwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa asilimia 25 kuliko walioanzishiwa baada ya hali zao kutulia. Ukijifungua mtoto mdogo, waombe wauguzi wakufundishe kumfunga kabla hujaruhusiwa, na ufunge mbele yao mpaka waridhike.

Wifi yangu alijifungua kwa upasuaji, na kwake mkanda wa kiunoni ulikuwa adhabu, unakaa palepale penye mshono. Kitenge kilimsaidia kwa kuwa fundo linaweza kupandishwa likakaa chini ya mbavu. Hata hivyo alisubiri mpaka daktari alipomruhusu kubeba, na ningemshauri kila mwenye mshono asubiri hivyo hivyo.

Jikoni usiende naye. Mafuta yanaruka, chungu kinafurika, na moshi wa mkaa unapanda moja kwa moja mpaka usawa wa pua yake. Bodaboda pia hapana: hakuna mbeleko iliyotengenezwa kumlinda mtoto kwenye ajali. Joto nalo watu hulisahau. Dar ya mwezi Februari, wewe na yeye mmegusana, kitenge kimewazunguka mara tatu, halafu amevishwa sweta, soksi na kofia ya sufu kwa sababu jirani kasema atapata nimonia. Kitenge chenyewe ni nguo. Mwache na kifulana chepesi, mguse nyuma ya shingo; ukikuta jasho, mtoe apoe. Kofia ni ya kutokea nje penye upepo au baridi kweli.

Mtoto wa tatu nilimpeleka Pangani akiwa na miezi mitano. Bibi alimlaza kifudifudi kwenye mkeka, akamwita jina. Akanyanyua kichwa, akakigeuza kulia, akakigeuza kushoto, akakishikilia pale akitafuta sauti inatoka wapi. Bibi akasubiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akaingia ndani, akatoka na kanga iliyofuliwa mpaka maandishi yamefifia, akaniambia niiname. Akamweka mgongoni kwangu, akapitisha kanga chini ya makwapa yake, akaivuta, akaivuta tena, akafunga kifuani. Akazunguka nyuma, akatia vidole viwili chini ya kidevu cha mtoto.

"Mwana hutazama kisogo cha nina," akasema. "Haya, simama. Ameshakiona."