Kinyama kwenye ufizi wa kichanga, kwa nini nusu kaputi ya kuvuta?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu kajifungua mtoto wa kike ana kinyama chekundu kinaning'inia ufizi wa juu, hata ziwa halikamati vizuri. Hospitali wanasema kitolewe kwa nusu kaputi ya kuvuta, bibi yake anasema ni meno ya plastiki apelekwe kwa mtu akamkate. Si wampige tu sindano ya usingizi?
Shangazi mtu, Geita

JIBU: Marahaba, na hongereni. Kwanza nawaomba sana msimpeleke kwa huyo mkataji. Mwambieni bibi madaktari wanaujua uvimbe wa hivi tangu 1871, daktari mmoja aitwaye Neumann alipouandika, unaitwa epulisi, huwapata zaidi watoto wa kike, sio kansa na ukishatolewa haurudi. Ila una mishipa ya damu, na kichanga wa kilo 3 damu yake yote ni kama robo lita tu, sasa akikatwa nyumbani akavuja na hiyo damu ikaingia kwenye njia ya hewa mtamfanyaje?

Kuhusu sindano, dawa nyingi za kuchoma zinaweza kumkatisha pumzi ghafla, na kinyama kikiziba mdomo daktari akashindwa kupitisha mpira wa hewa, kichanga anaishiwa oksijeni haraka mno kuliko mtu mzima. Ndo maana wanapenda gesi kama sevofluraini, wanamwekea maski, gesi imechanganywa na oksijeni, analala taratibu huku anapumua mwenyewe, halafu daktari wa usingizi anakisogeza kinyama pembeni kwa kidole, anamulika koo na kupitisha mpira puani au mdomoni. Ikigoma anafunga gesi na mtoto anaamka. Huo mpira ndo unazuia damu isishuke kwenye mapafu wakati wanakata kikonyo, na kukata kwenyewe hakuchukui muda mrefu.

Maziwa ya mama mwisho masaa 4 kabla ya nusu kaputi, ya kopo masaa 6, hapo msimwonee huruma mkamnyonyesha kwa siri, jamani, maana akitapika usingizini yanaingia kwenye mapafu. Baada ya hapo watamlaza wamwangalie, vichanga wakitoka kwenye nusu kaputi wanaweza kusahau kupumua.

Kwa sasa mama akamue amnyweshe kwa kikombe kidogo. Kama anapumua vizuri subirini tarehe mliyopewa, ila mkiona pua zinatanuka, kifua kinabonyea au midomo inakuwa ya bluu, mkimbizeni hospitali hata kama ni usiku wa manane.