Kabla hujanunua besi ya kwanza, sikiliza uzi mnene

Wadogo zangu wanaoanza kupiga besi hapa Kisumu huniuliza swali lilelile: ninunue gitaa la kampuni gani? Mimi huwarudisha kwenye uzi mnene, ule wa E. Uwe unapiga kanisani Nyalenda au kwenye harusi kule Bondo, watu wanakutegemea uzi ule utoke wazi na kwa nguvu ileile kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Gitaa likishindwa hapo, jina lililoandikwa kichwani halitakusaidia.

Besi yangu ya kwanza niliinunua Kondele kwa mtu aliyekuwa anahama. Nyekundu, inang'aa, nikaipenda kwa macho tu. Kufika nyumbani nikagundua nyuzi zimesimama mbali na shingo hivi kwamba vidole vinachoka kabla ya ubeti wa pili, na ukibonyeza juu kidogo noti inatoka nje ya mlio. Shingo ilikuwa imepinda. Ndani ya shingo ya besi kuna chuma kirefu kinachoivuta iwe sawa ukikaza nati yake. Fundi alipotia ufunguo, nati ilizunguka bure, meno yameisha. Fedha yangu ikawa imekwenda.

Fundi huyohuyo ndiye aliyenifunza kipimo ninachokitumia mpaka leo, na ndicho cha kwanza ninachokupa. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vipande vya chuma vilivyokata shingo) kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ubonyeze pale shingo inapoungana na mwili. Sasa tazama freti ya saba au ya nane. Kati ya uzi na freti panatakiwa uwazi mdogo, unene wa kadi ya kukwangua ya salio la simu hivi. Uwazi ukiwa mkubwa, shingo imeinama mbele. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, huenda imeinama nyuma. Kasoro ndogo hurekebishika, mradi nati ya chuma kile ni nzima, kwa hiyo mwombe muuzaji aizungushe robo tu mbele yako. Akikataa, aga uende.

Halafu piga noti ya kengele kwenye freti ya 12, yaani uguse uzi bila kuubonyeza, kisha ubonyeze hapohapo na ulinganishe. Zikitofautiana kidogo, kidaraja cha uzi, kile kipande kinachoubeba kule kwenye mwili wa gitaa, husogezwa kwa bisibisi. Mwisho pita freti zote, uzi kwa uzi, bila kuchomeka ampu (kikuza sauti), ukisikiliza kama kila noti inatoka wazi. Itachukua dakika tano. Mwenye duka akikuona unasumbua, acha akuone hivyo.

Kuhusu aina, karibu besi zote utakazokutana nazo zina damu ya gitaa mbili za kampuni ya Fender: Precision, iliyotoka 1951, na Jazz Bass ya 1960. Precision ina pikapu moja, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, iliyokatwa vipande viwili. Sauti yake ni nene ya katikati na haipotei hata kibodi na ngoma zikijaa. Jazz ina pikapu mbili na shingo nyembamba zaidi kule kichwani, na ile pikapu ya karibu na daraja inaipa makali. Ukifungua sauti ya pikapu zote mbili sawasawa, mvumo wa umeme unakufa; ukifunga moja, mvumo unarudi, usidhani imeharibika. Zipo pia nyingi za bei ya chini zilizochanganya zote mbili, na kwa anayeanza hizo zinatosha kabisa.

Kwa benga mimi nachagua Jazz bila kusita. Besi ya benga hailali kwenye noti moja. Inajibizana na solo, inadonoa haraka kama vidole vya mpiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo, na waimbaji wanaponyamaza gitaa zikachukua wimbo, kila kidonoo lazima kisikike peke yake. Kwa rumba ya taratibu na nyimbo za ibada, Precision inanitosha.

Vijana wengi wa kanisani wanataka nyuzi tano kwa sababu mpiga kibodi hubadilisha ufunguo wa wimbo (key) kila mara. Sababu hiyo ni ya haki. Lakini uzi huo wa tano, ule wa B, unatetemeka kama mara 31 kwa sekunde, na spika ndogo nyingi tunazopigia hazifiki huko. Utasikia mgumo tu. Jifunze nne kwanza. Na kama mikono yako ni midogo, iko besi fupi yenye urefu wa nyuzi wa inchi 30 badala ya 34 za kawaida. Dada mmoja niliyemfundisha alikuwa anakata tamaa kwa maumivu ya kifundo cha mkono. Alipopata fupi, ndani ya wiki chache alikuwa anapiga ibada nzima.

Usimalize fedha zote kwenye gitaa. Nimeshuhudia spika ya ampu ya gitaa la solo ikichanika karatasi katikati ya sifa kwa sababu tulichomeka besi humo. Spika ile haikuundwa kusukuma noti za chini kwa nguvu hiyo. Nyumbani ampu ya besi ya wati 30 inatosha. Ukipiga na ngoma utahitaji mamia. Kama huna uwezo huo, nunua kisanduku cha DI uingie moja kwa moja kwenye miksa ya ukumbi. Ni kidogo, kinaingia mfukoni, na kimeniokoa mara nyingi kuliko gitaa lolote nililowahi kumiliki.

Jambo moja la usalama, hasa mnapotumia jenereta: mkono ukiwa kwenye nyuzi na mdomo ukigusa maiki ukapigwa na umeme, acha kupiga hapohapo. Huenda waya wa ardhi una kasoro. Usiendelee kupiga mpaka kasoro irekebishwe, hata mchungaji au bwana harusi akinung'unika.

Nyuzi zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, maana jasho na unyevu wa ziwani huzila haraka. Na kama besi yako ina betri ya volti 9 ndani, chomoa waya kwenye gitaa. Waya ukibaki humo betri inaendelea kuliwa usiku kucha, na Jumapili sauti itaanza kukwaruza wakati wa sadaka.