Dedilifti nyumbani kwa chuma chepesi: usivutie sakafuni

Mkuu USIANZE kwanza. Unataka kupiga dedilifti nyumbani, yaani kuinua chuma kutoka chini mpaka usimame wima, umenunua chuma (kile kifimbo kirefu) na pleti (visahani vya uzito) mbili za kilo 5, unauliza mkanda upi, glavu zipi na upige mara ngapi kwa wiki, halafu katikati hapo umeandika utakuwa unavuta kutoka sakafuni "kwa sababu ni nyepesi haina madhara". Hiyo ndio imenifanya nisipite kimya. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi na trena wa jim na yalinilaza na kiuno, hata kuinama kufunga kamba za viatu ikawa kazi.

Shida sio uzito, shida ni chuma kimekaa chini mno. Zile pleti kubwa za mashindano unazoziona kwenye video zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma kinakaa sentimita 22 na nusu juu ya sakafu, usawa wa ugoko. Za kwako za kilo 5 ni vijisahani, chuma kinalala huko karibu na vifundo vya miguu, sasa wewe unakifuata mpaka nyonga zinagoma kukunjika zaidi, kilichobaki cha kukunja ni mgongo, unaupinda kila unapovuta na kwa vile ni kilo chache husikii kitu, unarudia na kurudia mpaka mwili unazoea kuvuta hivyo. Siku ukiongeza uzito ndio utajua.

Na yule trena bado nina hasira naye. Hela ya mwezi kachukua, muda wote yuko kwenye simu, namwuliza mbona kiuno kinauma ananijibu "we kaza, misuli inajengeka". Misuli gani inajengeka kwenye pingili?? Mtu anajiita kocha hajui kwamba pleti ndogo zinabadilisha zoezi zima, na vijana wanamlipa!

INUA CHUMA. Weka tofali au vipande vya mbao chini ya pleti, kushoto na kulia zilingane na zisicheze, halafu chukua tepu ya fundi upime kutoka sakafuni mpaka katikati ya chuma, iwe 22 na nusu. Mgongo ukiwa bado unapinda ongeza tofali, hata ukianzia chini kidogo ya goti ni sawa kabisa. Atakayekucheka mwache acheke, kiuno ni chako.

Ila kabla ya chuma anza na mpini wa fagio. Uweke mgongoni uguse kisogo, katikati ya mabega na pale juu ya makalio, legeza magoti kidogo kisha sukuma makalio nyuma kama mtu mwenye ndoo mikononi anafunga mlango kwa makalio. Sehemu moja tu ikiachia mpini simama, hapo ndio mwisho wako kwa sasa na chuma chako kisikae chini ya pale mikono yako ikining'inia ingefika.

Ukishika chuma kiwe juu ya katikati ya unyayo, ugoko uwe mbali nacho kama inchi moja tu, jaza pumzi tumboni ukaze, na chuma kinapopanda kiwe kinakwaruza miguu. Raba za soli laini vua, peku inatosha.

Tafuta tepu leo leo kabla hujavuta hata mara moja, halafu niandikie hapa umepata sentimita ngapi.