Singer 201K ya chuma au aluminiamu? Sumaku ilinidanganya mchana kweupe

Mkuu uliyeuliza kuhusu hiyo cherehani ya Singer 201K nyeusi inayouzwa Mlango Mmoja hapa Mwanza, kwamba muuzaji anaapa ni chuma kitupu na we unataka uhakika kabla hujatoa hela, ngoja nikwambie yaliyonikuta. Mi fundi nguo hapa Makoroboi siku nyingi tu na bado niliingizwa mjini.

Nilienda na sumaku ya spika mbovu, najiona mjanja. Nikaiweka kwenye kibati cha kuteleza kinachofunika bobini, ikanasa. Nikaiweka kwenye bamba la usoni pale upande wa sindano, ikanasa tena, basi nikalipa bei ya chuma nikaondoka. Njiani naona kichwa cha mashine chepesi nikajisemea leo nimeamka na nguvu, aisee! Kumbe vile vibati ni chuma hata kwenye mashine ya aluminiamu, na shafti na gia za ndani pia ni chuma, kwahiyo ukigusa sehemu iliyo karibu na shafti sumaku inavutwa kidogo kidogo na we unaridhika.

Nilikuja kujua siku nakaza skrubu ya mkono wa kuzungushia, skrubu ikawa inazunguka tu haishiki, nilipoitoa imekuja na vichembe vyeupe vinang'aa kama umekwangua sufuria. Tundu limelika. Chuma cha kusubu hakitoi vile, chenyewe kinatoa unga wa kijivu cheusi unaochafua vidole.

Sasa we fanya hivi, sumaku weka kwenye mwili wenyewe, shingo ile nene upande wa gurudumu na kona za kitako mbali na kibati chochote. Halafu mwambie akuruhusu ukilaze kichwa kwa nyuma uangalie yale matundu mawili ya bawaba zinazokishika mezani, pale rangi huwa imeliwa. Ukiona kahawia ya kutu ni chuma, ukiona weupe kama chumvi imeganda ni aluminiamu, na huku kwetu karibu na ziwa unyevu hauachi kitu bila alama. Ila angalia na rangi mpya, kuna watu wanapaka pati, ile ya kusawazishia bodi ya gari, na rangi ya gari mpaka sumaku inashika kwa uvivu hata kwenye chuma halisi, usiikatae mashine kwa hilo tu.

Hiyo K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kule Clydebank Uskochi, kilifungwa 1980. 201K za mwanzo ni chuma, za aluminiamu zikaja miaka ya 1950 na umbo lake lina kona kona zaidi, nyingine zina rangi ya kahawia. Muuzaji akikwambia Singer zote za zamani ni chuma mwambie 221, ile ndogo ya kukunja meza, ilianza 1933 na ni aluminiamu, haizidi sana kilo 5. Butterfly za Mchina zile za kukanyaga ni chuma, hapo usipoteze muda na sumaku.

Ila msiidharau ya aluminiamu, mi yangu ninayo mpaka leo. Gia ni zilezile za chuma, inashona kimya, mshono umenyooka, na nikiitwa Sengerema kushona sare naibeba begani mpaka kivuko cha Kamanga bila kumlipa mtu wa mkokoteni. Kazi ya turubai na matanga ya wavuvi wa Mwaloni ndo siipeleki kule, inatikisika mezani, hiyo naiachia Singer nyingine, 15K ya chuma isiyosogea hata ukiisukuma.

Kwahiyo akishikilia bei ya chuma na matundu ya bawaba ni meupe, mwoneshe hapohapo kisha anza kushusha. Na skrubu zake usizikaze kwa hasira.